Fundi Aliyefukia Ukungu

Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Nikilitaja tu, kuna mtu hapa Mazwi atakwenda kumwekea nia ya misa, na mimi sitaki aombewe kabla sijamaliza kusema. Tumwite Fundi, kama tulivyomwita wote, watoto, wazee, mpaka padre. Mafundi wako wengi Sumbawanga, wa magari, wa cherehani, wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtaani kwetu walijua ni yule mwenye koti la kaki na baiskeli iliyofungwa ndoo nyuma. Alizaliwa wapi na nani alimzaa, waulizeni ndugu zake. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima tayari, na yaliyonipata mimi yalitoka kwa huyo mtu mzima, si kwa mtoto aliyekuwa.

Nianze na kidole gumba chake cha kulia, maana ufundi wake wote ulikaa pale. Kilikuwa kipana kama kijiko cha uji, na ukucha ameukata mpaka nyamani. Akishapaka silikoni bafuni alikichovya kwenye maji ya sabuni, akapiga magoti, akakivuta kutoka kona hadi kona huku amebana pumzi. Mstari alioacha nyuma ulikuwa mweupe, mwembamba, umenyooka kama upindo wa gauni la komunyo ya kwanza. Nilikuwa naita majirani waje waone. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikisema njooni muone kazi ya Fundi. Nikikumbuka hilo natamani kuung'ata ulimi, lakini ulimi bado nauhitaji.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Bafuni, pale ukuta wa marumaru unapokutana na sakafu, pana ufa. Saruji peke yake haikai pale. Nyumba inatembea, hasa huku kwetu ambako asubuhi unapuliza vidole na mchana jua linakuchoma kisogo, basi saruji inapasuka. Kwa hiyo wanaziba kwa silikoni, ute mzito unaotoka kwenye mrija, ukikauka unakuwa kama mpira. Silikoni nayo inazeeka. Inaachia, inashika ukungu mweusi, maji yanapata njia ya kuingia nyuma ya marumaru, na huko nyuma jua halifiki. Ikifika hapo unaing'oa yote, unakwangua, unafuta, unaacha pakauke, ndipo unapaka mpya. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua kupika na kutandika vitanda tu. Shule niliacha darasa la tatu nikalee mdogo wangu, ambaye leo yuko Kabwe, ziwani, anauza samaki wa migebuka na hata siku moja hajanitumia mmoja, lakini hayo ni mengine.

Fundi hakung'oa. Fundi alipaka juu.

Nilimuuliza siku ile ya kwanza, maana kwa macho yangu hata jambo la kijinga naliona. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Fundi, huu weusi hautoki kwanza?"

"Mama Gaude," akasema, bila kugeuka, "wewe umelima ntumba?"

"Nimezaliwa kwenye ntumba."

"Nyasi unazitupa au unazifukia?"

"Nazifukia."

"Zikishaoza?"

"Zinalisha ulezi."

"Basi tulia, mama. Kilicho chini kinalisha kilicho juu."

Nikatulia. Ndiyo aibu yenyewe, kwamba nilitulia kwa sababu maneno yalikuwa ya kwetu. Mtu wa Ufipa ukimtajia ntumba umemtajia mama yake. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho tunakwatua nyasi na kuzifunika kwa udongo, tunafanya matuta ya mviringo yaliyojaa kilima kizima kama mikate, tunapanda maharage juu, na nyasi zinaoza humo ndani taratibu. Mvua nyingine zikija tunayatawanya, tunamwaga ulezi. Babu zetu waliishi hivyo kabla ya mbolea ya mfuko. Fundi alikuwa amelelewa humo, na akaichukua akili hiyo nzima nzima akaingia nayo bafuni. Pale pasipo jua wala udongo wala ulezi, kinachooza kinaendelea kuoza tu.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo mingi, na yote ilielekea palepale. Watu wakigombana alisema, "Fukieni." Mwanafunzi akifeli, "Fukia, panda tena." Mke akilia kwamba mumewe ana mwingine kule Namanyere, Fundi alimwambia, "Usichimbue, utakuta mizizi." Watu walimpenda kwa hilo. Ndiyo maana walimfanya mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na alikaa kwenye kiti hicho mpaka kikachukua umbo lake. Kesi za majirani hazikufika kwa balozi wa nyumba kumi. Zilifika kwa Fundi, zikatoka bapa, nyeupe, zina harufu nzuri.

Sasa mtu akisikia hivi atadhani alikuwa mtu wa hovyo. Hapana. Ningependa angekuwa wa hovyo, ningemchukia kwa raha. Alikuwa msafi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, mimi nikiwamo. Alinawa miguu kabla ya kuingia nyumba ya mtu, hata nyumba yenyewe ikiwa ya udongo. Koti lake la kaki lilifuliwa kila Jumamosi, likaanikwa uani kwake mikono imenyooshwa kama mtu anayesalimu amri. Kwenye pombe ya ulezi alikwenda na mrija wake mwenyewe, ameufunga kwenye kitambaa, na akishakunywa aliusuuza. Nani mwingine alisuuza mrija?

Na makaburi. Hapa lazima niseme kweli hata kama inaniuma. Mtu akifa, Fundi ndiye alikuwa wa kwanza kufika na jembe, wala hakuombwa. Alichimba kaburi la mume wangu. Ilikuwa mvua, udongo unateleza, vijana wanataka kumaliza haraka wakapate ugali, yeye akawarudisha shimoni mara mbili kwa sababu pembe moja haikukaa sawa. Lilitoka kaburi limenyooka kama kabati. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kusifu kitu tangu nimjue, alisema, "Hapa mwanangu atalala." Halafu Fundi akaketi nami mpaka wageni wakaisha, anakoleza moto.

Kwa hiyo nina deni la kaburi, na nina kisasi cha bafu. Watu huniuliza, mama, yote mawili yanakaaje moyoni? Yanakaa. Moyo una vyumba zaidi ya nyumba yangu ya wageni.

Nyumba yenyewe ni hiyo mume wangu aliyoniachia, nyuma ya soko. Vyumba vichache, mashuka meupe, uji wa ulezi asubuhi, na bafu moja zuri lenye bomba la mvua na maji ya moto. Hapa kwetu mwezi wa saba maji ya moto ni dini. Wachuuzi wa samaki wa Kabwe waliteremka kwenye basi wamejikunja kwa baridi wakiuliza, "Kwa Mama Gaude ni wapi?" Sikuwa na elimu, sikuwa na mume, nilikuwa na neno moja tu mjini, msafi. Kwa mama msafi. Mwanamke mjane akiwa na neno moja hulilinda kama kaa la moto chini ya majivu.

Weusi ulirudi mvua za mwaka uliofuata. Fundi akaja, akapaka tena juu. Bafu likanukia siki, maana silikoni mbichi inanukia siki, na sisi wote tukadhani ndiyo harufu ya usafi. Ukarudi tena, akapaka tena. Mstari ukanenepa ukawa kama kamba, lakini kidole gumba kiliulainisha vizuri hivyo hivyo. Halafu chumba cha nyuma ya bafu kikaanza kunuka. Lipu ikavimba, ikadondoka kitandani kwa mgeni. Nikasugua. Nikasugua mpaka vifundo vya mikono vikafunguka. Nilipiga magoti humo bafuni kuliko nilivyopiga kanisani.

Na hapa ndipo ulimi wake unapoingia. Fundi hakuwa msengenyaji, hilo mtu asimsingizie. Alichofanya ni kibaya zaidi. Alinisema ndani ya sala.

Tulikuwa kwenye jumuiya nyumbani kwa jirani, wakati wa maombi, kila mmoja anataja nia yake, huyu anamwombea mgonjwa, yule anaombea mvua. Fundi akasimama, kofia mkononi, sauti yake ile nzito ya kuimba besi.

"Tumwombee mama yetu mjane, Mama Gaude," akasema. "Kazi zimemzidi, na usafi umemshinda. Mpaka ukuta wa nyumba unaoza. Bwana amtie nguvu mikono yake."

Wakaitikia wote, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Na mimi niliitikia. Mdomo unazoea. Nilikuwa nimeshasema utusikie ndipo masikio yakafika, nikajikuta nimejiombea uchafu mbele ya mtaa mzima. Na utafanya nini? Utabishana na sala?

Juma lililofuata walikuja kunitembelea, akina mama, kanga mabegani, wanaimba kutoka njiani. Walinichangia sabuni. Miche ya sabuni kwenye ungo, fagio jipya la chelewa juu yake, na brashi. Walifanya kwa upendo, nawafahamu, na ndiyo maana sikuweza kuwafukuza. Mmoja alishika brashi akaingia bafuni kwangu kunisaidia. Nikakaa uani nasikia mwanamke mwingine anasugua bafu langu huku anaimba. Kama umewahi kupigwa kofi na mtu anayekubusu, utanielewa.

Baada ya hapo wachuuzi wa Kabwe wakawa wanapita mlangoni pangu macho yametazama mbele.

Aliyenifumbua macho alikuwa mfugaji, Msukuma, kijana wa watu waliohamia bondeni na ng'ombe wao, wakawa wanakaa upande wa Milepa. Alikuja mjini kutafuta dawa ya mifugo, akafikia kwangu kwa sababu hakuwa amesikia habari zangu. Kule bondeni ni joto, huku juu alilala na koti, kofia na kila blanketi nililokuwa nalo. Asubuhi akaoga, akatoka, akasimama mbele yangu kama mtu aliyevunja chungu.

"Mama, usinichukie," akasema.

"Sema, mwanangu."

"Bafu lako lina jipu."

"Lina nini?"

"Jipu. Ng'ombe ukimfunga kidonda na usaha uko ndani, juu panapona vizuri tu, panang'aa. Mguse sasa. Anakuvunja mguu. Una kisu?"

Nikampa kisu cha kumenyea viazi. Akachuchumaa, akachoma ule mstari mweupe wa Fundi, akaupasua. Chini yake kulikuwa na mwingine wa manjano. Chini ya huo, mwingine mweusi, laini kama ini, na maji yakatoka, maji yaliyokaa humo sijui tangu lini. Harufu ilitufukuza wote wawili mpaka uani.

"Aliyefunga hiki hakufungua kwanza," akasema, anafuta kisu kwenye nyasi. "Ni mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa. Mfipa mwenzangu."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Nyie Wafipa, mama, mnafukia kila kitu. Sisi tunatumbua."

"Na nyie ng'ombe zenu zinakula mahindi yetu," nikamwambia.

"Hilo nalo ni kweli, mama."

Basi haikuwa mikono yangu. Nilikaa kwenye kizingiti nikaiangalia hiyo mikono. Nilikuwa nimeshaanza kuamini, unajua. Usiku na mchana mtu anakwambia wewe mchafu, na wewe unajinusa.

Nikazikusanya zile kamba nyeusi kwenye kopo, nikaenda nalo kwenye jumuiya. Sikuwa na maneno niliyoyapanga. Niliweka kopo katikati ya mkeka nikasema, "Uchafu wangu ni huu. Tazameni umewekwa na nani."

Akina mama wakainama kutazama. Na Fundi, pole pole, bila hasira, akavua kofia yake, akaifunika juu ya kopo.

"Mama ana uchungu," akasema. "Mjane ana haki ya uchungu. Lakini ndugu zangu, shamba ukilichimbua kila siku halizai. Tuufukie uchungu huu. Tupeane amani."

Akaanzisha wimbo. Wakasimama, wakaja kwangu mmoja mmoja, wananipa mkono, wananiambia amani, kama vile mimi ndiye niliyekosa na wao ndio wamesamehe. Yeye akaja mwisho. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na kile kidole gumba kikanipapasa juu ya kiganja, kutoka huku hadi huku. Nikajua nimepakwa.

Hapo nilianza kumchukia kwa utulivu. Chuki ya kelele inachosha. Yangu niliiweka kama mbegu, mahali pakavu.

Nilijifunza kazi. Nilinunua wembe, spiriti, mrija wa silikoni na ile bunduki ya kuubania kwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akadhani nimetumwa na mume. Nikang'oa bafu langu lote, nikaacha wazi likapigwa na upepo, nikabomolesha kile chumba cha nyuma, nikaziba upya. Weusi haukurudi mpaka leo. Lakini jina la uchafu halitoki kwa spiriti. Wenye nyumba nyingine za wageni wakaanza kuniita nikawafanyie mabafu yao, na hao hao hawakumwelekeza mgeni hata mmoja kwangu. Nilipita na kikapu changu nikiwakwangulia, na kila bafu la mtaa huu nililofungua nilikuta kidole gumba chake humo, tabaka juu ya tabaka. Nikawa namjua mtu huyu kwa ndani kuliko mkewe alivyomjua, Mungu amrehemu, mwanamke mpole, alikuwa ananisalimia kwa macho ya chini.

Yeye akazeeka. Mguu mmoja ukagoma, baiskeli ikauzwa, akahamia kwa mwanawe ambaye ni dereva wa lori la mahindi. Mwanawe ana nyumba nzuri, bafu ndani. Kazi ya bafu alifanya baba mwenyewe, akiwa bado anaweza kupiga magoti.

Kipupwe cha mwaka huu, asubuhi, nikaona mwanamke kijana amesimama mlangoni pangu, ameshika mtandio kidevuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chumba?"

"Hapana. Mimi ni mke wa mtoto wa Fundi." Halafu yakamtoka yote. "Bibi, bafu letu limeoza. Nasugua, linarudi. Baba anawaambia wageni kwamba mimi sijui usafi. Juzi amemwambia mama yangu mzazi, mbele ya chakula. Na mume wangu anasema nirudi kwa shangazi yangu nikafundwe upya. Ameshaongea na mwenzake wa lori la Jumatatu."

"Ukuta wa nyuma umevimba?"

"Umevimba."

"Unanuka kama nini?"

"Kama maharage yaliyolala, bibi."

Sitadanganya. Moyo wangu uliruka. Wengine wangesema walimwonea huruma binti, na mimi nilimwonea, baadaye kidogo. Kwanza nilifurahi. Nikachukua kikapu, nikaita bodaboda, tukapanda wote wawili mshikaki, mimi bibi mzima.

Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa bafu, koti lile lile la kaki, sasa limemzidi. Mwanawe yuko sebuleni na simu.

"Mama Gaude," akasema Fundi. "Umekuja kunisafishia?"

"Nimekuja kukusafisha," nikamwambia, nikampita.

Nilipiga magoti. Magoti yangu yana mambo yake siku hizi, yalilia kama mlango, lakini yalikwenda. Nikachoma kisu. Mweupe, manjano, mweusi. Nilivuta ikatoka kamba ndefu kama utumbo wa mbuzi, na maji nyuma yake, na harufu ikatembea nyumba nzima mpaka yule mwanawe akaja ameziba pua.

"Hiyo ni nini, bibi?"

Nikamwomba mkewe ungo. Nikazipanga kamba zote juu ya ungo, nikauweka kwenye mapaja ya Fundi.

"Mwanao anauliza hii ni nini."

"Silikoni," akasema.

"Ya nani?"

"Ya dukani."

"Nani aliiweka?"

Akatazama ungo. "Mama Gaude," akasema kwa sauti ya chini, "bado unachimbua tu. Tumezeeka. Fukia."

"Nitafukia. Mrija huu hapa kwenye kikapu. Lakini sipaki juu ya kitu, wewe unanijua. Kama hujasema, naondoka nao, na Jumatatu huyu mtoto anapanda lori kwenda kufundishwa kusugua kazi yako."

Yule binti alisimama na unga wa ule ungo mikononi. Mwanawe alimtazama baba, akatazama ungo, na nadhani alikuwa ameshaelewa, lakini kwetu mtoto haongei kabla ya baba.

Kuku walilia uani. Mtu aliyewasemea wengine maisha yake yote, ukimwambia ajisemee mwenyewe, hana pa kuanzia.

"Si uchafu wa mkeo," akasema mwishoni, kwa mwanawe. "Ni mkono wangu. Nilipaka juu ya ya zamani. Kila mara nilipaka juu."

"Na kwangu?" nikasema.

"Na kwa Mama Gaude."

"Sema lote, Fundi. Uliponisema kwenye sala ulisimama."

Akataka kusimama, mguu ukakataa. Mwanawe akamshika kwapa, akamwinua. Ungo ukateleza, kamba nyeusi zikamwagikia viatu vyake vilivyopigwa kiwi. Akasema, na besi yake haikuwepo tena, "Bafu la Mama Gaude nililiozesha mimi. Mama huyu hakuwa mchafu. Nilijua, tangu lile kopo. Nilijua."

Basi. Nililingoja neno hilo nikiwa na meno yote, nikalipata nikiwa na machache. Wale akina mama wa sabuni karibu wote wako makaburini, wengine kwenye makaburi aliyoyachimba yeye, wamelala humo wakijua mimi ni mchafu. Waliosikia ni dereva wa lori, mkewe na kuku. Sikupata nilichotaka. Nilipata hicho, nikakichukua.

Binti akafuta uso kwa mkono wenye unga. Mumewe akamwambia, bila kumtazama, "Nitampigia shangazi," halafu akaongeza, "kumwambia basi, haendi." Akamketisha baba yake, akainama kuokota zile kamba sakafuni.

Nikafanya kazi. Nilikwangua kwa wembe mpaka marumaru ikalia, nikafuta kwa spiriti, nikapakausha kwa jiko la mkaa lililowekwa katikati ya bafu na dirisha wazi. Tukanywa chai. Halafu nikapaka, mara moja tu, nyembamba. Fundi alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti, na nikaona kidole chake gumba kinatembea peke yake juu ya goti, kinafuata wangu kona hadi kona.

Nilipomaliza akanishika upindo wa kanga.

"Mama Gaude. Umenisamehe?"

Niliuvuta upindo wangu, nikafunga kikapu. Nikaongea na mwanawe.

"Bafu msiliguse mpaka keshokutwa. Kwa baridi hii haikauki upesi. Baba yako aogee nje, kwa beseni."

"Nje wapi, bibi? Uani kwetu hakuna ukuta. Watu wote wanaopita watamwona."

"Wamwone," nikasema, nikatoka kutafuta bodaboda.